Kutoka alama ya setelaiti hadi kisikini: kuandaa doria ya msitu wa mvua kwa simu

Setelaiti haimwoni mtu mwenye msumeno. Inachoona ni kwamba mahali palipokuwa na majani safari iliyopita, sasa pana udongo. Nani kakata, ana kibali au hana, ni shamba la chakula au ni magogo ya kuuza, hayo yanajulikana kwa miguu. Mwongozo huu ni wa kikundi kinachoishi kando ya msitu, chenye simu mbili tatu za Android, kompyuta mpakato moja na mtandao wa kubahatisha. Droni achaneni nayo mwaka wa kwanza: inakula pesa, betri na vibali, na kilicho chini ya miti haikioni.

1. Ramani ya karatasi kwanza

Tandikeni karatasi kubwa, chora mito, vijito, njia, mashamba ya zamani na mipaka, kwa majina mnayoyatumia wenyewe. Msiwaite wanaume peke yao. Wanaokwenda kuni na maji ndio hujua mapema njia mpya imefunguliwa wapi. Kisha zungushieni kwa rangi nyingine vitu ambavyo havitaingia kwenye simu: makaburi, mahali pa matambiko, miti ya dawa. Amueni siku hiyo hiyo. Nukta ikishapakiwa kwenye seva ya watu wengine, hamtairudisha.

2. Programu ya simu

Kama mnataka data ibaki mikononi mwenu, tumieni CoMapeo: simu zinabadilishana kumbukumbu zenyewe kwa Wi-Fi, bila intaneti. Kama kuna ofisi inayosubiri fomu zilizojazwa kwa mpangilio mmoja, KoboToolbox inafaa zaidi. Kutumia zote mbili ni kujitafutia kazi. Pimeni mpaka mkiwa na mtu anayeujua, alama moja kila kona.

3. Kupata tahadhari

Kwenye Global Forest Watch, tovuti inayotoa tahadhari za setelaiti kuhusu miti iliyopotea, chora eneo lenu, ongeza kilomita moja au mbili nje ya mpaka (uvamizi huanzia nje), kisha jiandikishe kupokea barua pepe. Chagua tahadhari unganishi, zinazochanganya mifumo kadhaa, ikiwemo GLAD inayotumia setelaiti za Landsat, yenye pikseli (kipande kidogo kabisa cha picha) ya mita 30, GLAD-S2 inayotumia Sentinel-2, mita 10, na RADD inayotumia rada ya Sentinel-1, nayo mita 10. Msimu wa mvua itegemeeni RADD. Landsat na Sentinel-2 zinapiga picha kama kamera, kwa hiyo wingu likikaa wiki sita, nazo zinaona wingu wiki sita. Rada hupenya wingu. Ubaya wake ni kwamba miteremko mikali na misitu iliyofurika maji huichanganya.

Kila tahadhari ina daraja. La chini: imeonekana mara moja na mfumo mmoja. La juu: mfumo huo umeiona tena. La juu kabisa: imeonwa na zaidi ya mfumo mmoja. Tarehe iliyoandikwa ni ya kugunduliwa, si ya kukatwa. Msije mkamtuhumu mtu kwa tarehe hiyo. Na anayechagua mti mmoja mmoja wa thamani na kuacha mingine imesimama mara nyingi hatokei kabisa. Huyo mtamjua kwa sauti ya msumeno na alama za kuburuta gogo.

4. Chuja kabla ya kutuma watu

Fungua Copernicus Browser, tovuti ya picha za setelaiti za Sentinel, linganisha picha ya Sentinel-2 ya kabla na ya baada, kwa mpangilio wa bendi (aina za mwanga ambazo setelaiti inazipima) 8, 4, 3. Mimea hai inaonekana nyekundu, udongo mtupu unakuwa wa kijivu au wa samawati. Angalia umbo. Ulimi unaoshuka mlimani ni maporomoko. Ukanda kwenye kona ya mto ni mto unaokula ukingo wake. Mstari mwembamba unaorefuka kila picha ni barabara, na barabara iende kwanza kwenye orodha hata kama eneo lake ni dogo, kwa sababu mengine yote yatapita humo.

5. Kuhamisha koordineti kwenda kwenye simu

Hapa ndipo doria nyingi hupotelea, kwa hiyo soma polepole.

Mahali pamoja panaweza kuandikwa kwa namna tatu. 4°30'15" Kusini ni digrii, dakika na sekunde. 4°30.250' Kusini ni digrii na dakika zenye desimali. -4.50417 ni digrii za desimali. Zote ni sehemu ile ile. Kosa la kawaida ni mtu kuona 4°30'15" akaandika 4.3015. Namba inakubalika, simu hailalamiki, ila doria inapelekwa kilomita 22 na zaidi kutoka mahali penyewe. Hesabu sahihi: gawa dakika kwa 60, gawa sekunde kwa 3,600, jumlisha na digrii. 30 kwa 60 ni 0.5, 15 kwa 3,600 ni 0.00417, jumla 4.50417. Kikundi kizima kikubaliane na digrii za desimali zenye tarakimu tano baada ya nukta. Tarakimu ya tano ni kama mita moja ardhini; zaidi ya hapo ni pambo.

Alama ya kutoa. Kusini mwa ikweta latitudo ni hasi, magharibi mwa Greenwich longitudo ni hasi. Ukiisahau kwenye mfano huu, nukta inaruka kaskazini karibu kilomita 1,000. Afadhali hilo, maana linaonekana mara moja. Walio karibu kabisa na ikweta wawe macho zaidi: kwao kosa ni la kilomita chache, na linafanana na ukweli.

Mpangilio. Google Maps inataka latitudo kwanza. Faili za ramani za KML na GeoJSON zinaweka longitudo kwanza. Mkinakili namba kutoka faili moja kwenda nyingine kwa mkono, mtazigeuza siku moja. Dawa ni kutonakili kwa mkono: pakua faili, iingize nzima.

Mkato. Kompyuta iliyowekwa Kifaransa, Kireno au Kihispania huandika desimali kwa mkato, na faili ya jedwali ya CSV hutenganisha safu kwa mkato huo huo. Ukiona safu zimezidi mbili, sababu ni hiyo.

La mwisho, na ndilo gumu kuligundua: datumu, yaani msingi ambao koordineti za ramani zimehesabiwa juu yake. Simu zinatumia WGS 84. Ramani nyingi za zamani za karatasi hazikuitumia; za Afrika Mashariki zilichorwa kwa Arc 1960, na nchi kadhaa za Amerika Kusini zilitumia PSAD56. Karibu na ikweta, kuhamisha nukta ya Arc 1960 kama ilivyo kunaisogeza kiasi cha mita 300. Mita 300 zinatosha kuuweka mti uliokatwa ndani ya hifadhi upande wa pili wa mpaka. Soma pembezoni mwa ramani, kisha badilisha kwa QGIS, programu ya ramani ya kompyuta.

Kipimo cha haraka kabla ya kuondoka: ingiza kwenye simu nukta ya mahali mnapopajua wote, kama daraja au kisima, kwa njia ile ile mliyotumia kwa tahadhari. Ikitua sehemu nyingine, hakuna kuondoka.

6. Msituni

Pakua ramani ya chini, ile inayoonekana nyuma ya nukta kwenye simu, mkiwa bado na mtandao. Simu isiyo na mtandao, iliyozimwa siku nyingi, inaweza kuchelewa sana kujua iko wapi. Ujumbe kamili wa setelaiti za GPS huchukua dakika 12 na nusu kupokelewa. Iwashe mahali pa wazi, subiri. Kwenye tukio usichukue nukta mpaka kiasi cha kosa kinachoonyeshwa na simu kishuke chini ya mita 10. Chini ya miti minene sogea kwenye uwazi wa karibu, andika umbali na upande.

Picha nne kwa kila tukio: eneo kwa upana, kisiki kikiwa na rula au panga kando yake, alama au namba iliyopigwa kwenye gogo, njia ya kutokea. Daftari iandikwe kwa penseli, wino hauna urafiki na mvua. Msiende chini ya watu watatu. Mkisikia msumeno ukinguruma, chukueni nukta mlipo, kadirieni upande wa sauti, rudini.

7. Kukabidhi

Picha zisitumwe WhatsApp kama picha: inafuta koordineti zilizomo ndani yake. Zitume kama faili, au zipelekwe kwa kadi ya kumbukumbu. Kadi si aibu. Kwenye mradi wa Loreto, Peru, tahadhari zilifikishwa vijijini kwa kumbukumbu za USB kupitia mtoni, na utafiti uliochapishwa 2021 ulikuta ukataji ulipungua mwaka wa kwanza.

Ripoti iwe ukurasa mmoja: namba ya tahadhari, tarehe ya setelaiti, tarehe ya kufika, koordineti na datumu, mlichokiona, picha. Tahadhari zilizokuwa za uongo nazo ziandikwe, pamoja na sababu, ili doria ijayo isipelekwe tena kwenye ukingo ule ule wa mto.