Kabla Hujanunua Minyororo ya Trekta la Bustani

Kila Oktoba huku Maine, Marekani, Waswahili wenzangu walionunua nyumba nje ya mji hunipigia simu na swali lilelile: nimepata trekta dogo la kukatia majani, limekuja na beleshi la kusukumia theluji, sasa matairi niyafanyeje? Nami huwauliza: njia yako ya kutokea barabarani ina mteremko? Kama ni tambarare na ya kokoto, huenda ukavuka msimu kwa kuongeza uzito tu. Kama inateremka, kaa chini tuongee.

Soma namba za tairi. Ziko ubavuni, mfano 23x9.50-12, yaani kimo, upana na rimu, zote kwa inchi. Minyororo, yaani ile ya kuvisha tairi ili lishike barafu, huuzwa kwa namba hizo. Usinunue kwa jina la trekta, maana aliyekuuzia huenda alishabadilisha matairi.

Pima nafasi. Pitisha vidole kati ya tairi na madigadi, kisha upande wa ndani, kwenye fremu na fimbo za breki. Vidole viwili visipopita kwa raha, minyororo itakwangua chuma mpaka ikate kitu.

Ongeza uzito nyuma, na hili usilibishie. Matrekta mengi ya aina hii yana difu ya kawaida: gurudumu lililo kwenye barafu linazunguka bure huku lenzake limesimama linaangalia. Kuna vyuma vya kufunga kwenye rimu, na kuna kujaza maji maji ndani ya tairi. Nimesema maji maji, sikusema maji. Maji matupu yataganda. Watu hutumia maji ya kuoshea kioo cha gari, yale ya majira ya baridi, au juisi ya kiazisukari, ambayo ni nzito kuliko maji na haili chuma. Chumvi ya kalsiamu ni nzito pia, ila kama tairi halina tyubu italamba rimu yako taratibu. Jaza robo tatu, iliyobaki iwe upepo.

Sasa nije kwenye matairi yenye meno makubwa, yale ya trekta la shambani. Sisi tuliokulia kwenye matope ya masika tunayaamini mno. Majira yangu ya baridi ya kwanza niling'oa matairi laini ya nyasi, nikaweka ya meno, nikajisifu kwa mke wangu. Desemba theluji mbichi ikaanguka, nikaisukuma bila shida. Januari ikaja mvua ya kuganda: inashuka ikiwa maji, ikigusa ardhi inakuwa kioo. Alfajiri theluji nyembamba kama unga ikafunika kile kioo.

Nikatoka, beleshi nimeliinua, nateremka polepole kuelekea barabarani. Nilipokaribia nikaachia pedeli ya mwendo. Kwa trekta langu, ukiachia pedeli magurudumu ya nyuma hukaza yenyewe, na yalikaza kweli; trekta ndilo lililoendelea na safari. Nikakanyaga breki. Breki nayo iko kwenye magurudumu yaleyale ya nyuma, ambayo yalishasimama zamani, na ule uzito wa beleshi huko mbele ulikuwa umeyapunguzia mgandamizo. Nikakata usukani, magurudumu ya mbele yakageuka, mimi nikaenda vilevile. Nikavuka barabara nzima kiubavu, nikazama kwenye tuta la theluji upande wa pili, injini ikazima. Sikuwa nimeshuka bado basi la shule lilipopita palepale nilipokatiza.

Mzee jirani akaja na ndoo ya mchanga. Hakunicheka. Akainama, akafuta jino moja la tairi kwa glovu yake, akanionyesha ncha tu ndiyo yenye alama ya kugusa. "Haya yanataka mahali pa kuzama," akasema, "na barafu haizamiki." Akaniuliza minyororo iko wapi. Nikamwambia nilidhani meno yanatosha.

Ndiyo maana nauliza habari ya mteremko kwanza. Wauzaji watakueleza jinsi utakavyopanda. Wewe uliza utasimamaje.

Na usikimbilie minyororo ya bei rahisi kama nilivyofanya wiki ileile. Tazama vipande vinavyokatiza juu ya tairi: kuna aina ambayo kipande hukaa baada ya kila pete mbili za mnyororo wa pembeni, na kuna ya kila pete nne. Ya nne, kwenye tairi la meno, inatumbukia katikati ya jino na jino na kulala humo, haigusi chini. Chukua ya mbili. Hata kwenye tairi la nyasi haikurushirushi sana kitini. Ukishafunga, endesha mita chache, simama, kaza tena, kisha weka mipira au springi za kuvuta mnyororo ukae umekaza. Mnyororo uliolegea hupiga madigadi kama kengele.

Chuma kitachora lami yako na kuvunja kingo za matofali ya sakafu. Ipo minyororo ya raba, ina upole, lakini kwenye barafu tupu sijaiona ikishika kama chuma. Skrubu za kupigilia kwenye tairi ni za mwenye kipimo: ikizidi urefu, ni pancha. Magurudumu ya mbele nayo yakumbuke, la sivyo usukani ni pambo.

Nunua kabla ya Novemba. Msimu ukiisha, osha chumvi ya barabarani, kausha, pakaa oili. Mimina mchanga kwenye mteremko kabla hujapanda kitini. Watoto wakae ndani. Na usiwashe injini gereji ikiwa imefungwa, hata kama nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri na wewe ni wa Tanga.