Picha za tangi la samaki: anza na taa za chumba

Kinachoharibu picha nyingi za samaki wa tangini si kamera, ni kioo. Zima taa zote za chumba, ubakize ya tangi peke yake. Flashi nayo izime. Ikimulika kioo kutoka mbele hurudisha doa jeupe tu. Futa kioo, kisha sogeza lenzi karibu nacho kabisa, ikitazama moja kwa moja. Ukipiga kwa mshazari, samaki hupoteza ukali na umbo. Kasi ya shata (kipazia cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga) isipungue 1/125 ya sekunde, na ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) ipandishe bila woga: chengachenga kidogo kwenye picha zinavumilika, samaki aliyegeuka ukungu havumiliki. Na usimfukuze na kamera. Lenga mahali anapopenda kupita, subiri, fokasi iwe kwenye jicho.