Mbwa kijana mwoga: jinsi ya kumtafutia nyumba inayomfaa

Mbwa kijana aliyeokolewa barabarani hakosi wa kumchukua. Shida ni kwamba wengi wanamtaka kwa kazi asiyoiweza. Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, ombi la kwanza huwa ni mbwa wa ulinzi: afungiwe bandani mchana kutwa, afunguliwe saa mbili usiku "ili awe mkali". Mbwa mwoga akilelewa hivyo hawi mlinzi. Hofu yake hubaki palepale, na siku akikosa pa kukimbilia anauma. Wa kwanza kuumwa ni mtoto wa nyumbani au dada anayempelekea chakula, kwa sababu ndio wanaomkaribia. Anayetaka mbwa mkali mkatalie kwa upole na umweleze sababu, hata kama banda lako limejaa.

Anzia kwa mbwa mwenyewe

Usimtangaze siku unayomwokota. Mpe angalau wiki mbili za utulivu, kwa kuwa mbwa aliyetoka kwenye mshtuko hajionyeshi alivyo. Wengine hujikunyata kimya, watu wakadhani ni wapole, kumbe wameganda kwa hofu.

Kipimo kizuri ni chakula. Chemsha maini, yakate vipande vidogo kama punje za mahindi, kaa chini ubavu wako ukimwelekea, kisha umrushie kimoja kimoja bila kumkazia macho. Pima ni umbali gani anakubali kula. Aliyezidiwa na hofu hatakula hata akiwa na njaa. Akianza kula ukiwa mita 4 kutoka alipo, na baada ya wiki moja anakula mita 1 kutoka kwako, huyo anapona. Akirudi nyuma siku fulani, tafuta kilichomtisha kabla ya kusogea tena.

Andika vitu anavyoviogopa kimoja kimoja: wanaume, watoto wanaokimbia, pikipiki, ufagio, mwavuli. Mbwa wengi wa mtaani hutimua mbio mtu akiinama ghafla, hata kama anaokota kandambili, kwa sababu wanajua kuinama hufuatwa na jiwe. Jifunze pia dalili ndogo zinazotangulia kuuma: kulamba midomo bila chakula, kupiga miayo bila usingizi, weupe wa jicho kuonekana pembeni, mwili kukakamaa. Usimpige anaponguruma. Ukimnyamazisha, kesho atauma bila kuonya.

Afya haingoji. Chanjo ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua mbwa wengi wadogo, huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia wiki ya 12. Aliyevuka umri huo bila kadi, daktari wa mifugo atampangia upya. Dawa ya minyoo na ya kupe ni lazima. Akiwa na miezi 6 hivi, dume ahasiwe na jike afungwe kizazi, ikiwezekana kabla hajaondoka kwako, maana ahadi ya "tutamfanyia huko" mara nyingi haitimizwi.

Tangazo lisemalo kweli

Usiandike "mbwa mzuri anatafuta upendo". Andika hivi: "Jike, miezi 7 hivi, kilo 11, amechanjwa na amefungwa kizazi. Anaogopa wanaume na pikipiki. Anakula mkononi kwa mtu aliyemzoea. Anaishi vizuri na mbwa wengine. Hafai ulinzi wala nyumba yenye watoto wadogo. Anayemtaka aje amwone mara tatu." Watapiga simu wachache, na ndivyo inavyotakiwa. Picha ipigwe ukiwa umekaa chini, usawa wa macho yake.

Kwenye simu, "unapenda mbwa?" ni swali la bure, kila mtu atakubali. Uliza mbwa wao wa mwisho yuko wapi sasa na alifikaje huko. Uliza saa mbili usiku huyu atakuwa wapi. Uliza nani hasa atamlisha. Kama ni dada wa kazi au mlinzi, zungumza naye yeye mwenyewe, kwa kuwa asiyetaka mbwa hawezi kumtuliza mbwa mwoga. Kama ni wapangaji, uliza mwenye nyumba amesemaje. Na uliza kama kuna mbwa aliyewahi kufia pale kwa kutapika na kuhara damu. Virusi vya parvo hukaa udongoni miezi mingi, hata mwaka. Dawa ya kufulia yenye klorini, sehemu 1 kwa 30 za maji, huviua kwenye saruji iliyosafishwa kwanza, lakini udongoni haisaidii sana. Mbwa asiyekamilisha chanjo asipelekwe hapo.

Nyumba bora kwake mara nyingi ni ile yenye mbwa mwingine mtu mzima, mtulivu, anayewaamini watu. Mwoga humtazama mwenzake na kujifunza haraka kuliko tunavyoweza kumfundisha. Familia isiyoingiza mbwa ndani kwa sababu za dini isikutie wasiwasi, mradi banda liwe karibu na baraza watu wanapokaa, lisivuje, na asifungwe mnyororo.

Nenda ukaione nyumba

Wengi hukagua ukuta wakasahau geti. Simama hapo gari linapoingia. Nani anafungua? Geti linabaki wazi muda gani? Mbwa anakuwa wapi wakati huo? Honi, injini na pengo lililo wazi vinakuja kwa pamoja, na wengi hupotea hapo hapo. Dai kuwe na kizuizi cha pili, hata cha wavu na mbao, kati ya geti na anapokaa mbwa. Angalia pia chini ya geti na kwenye mifereji ya maji: kichwa kikipita, mwili nao utapita.

Wakati wa kuonana, wao waje kwako kwanza. Wakae chini, wasimkodolee macho, warushe maini, waondoke baada ya dakika 20. Mbwa si lazima awasogelee siku ya kwanza. Mtazame mtu zaidi kuliko mbwa: ukimwomba asimguse kichwani, kisha baada ya dakika tano ananyoosha mkono juu ya kichwa chake, jibu umelipata.

Siku ya kuhama

Mpeleke asubuhi, siku ambayo mtu atashinda nyumbani. Epuka Desemba yote, kwa ajili ya wageni na fataki za mkesha wa mwaka mpya. Mvalishe mkanda wa shingoni na mikanda ya kifuani, kila kimoja na kamba yake. Mwoga hujivuta kinyumenyume na mkanda wa shingoni ukatoka kichwani. Uingize vidole viwili tu kati ya mkanda na mwili, pasibaki zaidi. Mpelekee tandiko lake bila kulifua, na chakula alichozoea cha wiki moja, wakichanganye kidogo kidogo na kipya.

Siku tatu za kwanza asioge, asitembezwe barabarani, asiletewe majirani. Chumba kimoja au kona moja, maji, chakula kwa saa zilezile. Asipokula siku ya kwanza si ajabu. Zikipita siku mbili, daktari aitwe.

Akitoroka, wasimkimbize. Waache chakula chenye harufu kali na tandiko lake pale alipoonekana mara ya mwisho, wangoje usiku mtaa ukitulia, wakikaa chini bila kumwita kwa sauti kubwa. Wakupigie wewe mara moja, kwani sauti na harufu yako ndizo anazozijua.

Wapigie simu siku ya 3, wiki ya 3 na mwezi wa 3. Na kabla ya kumkabidhi, andikianeni kwa maandishi, sahihi mbili: wakishindwa, hata baada ya mwaka, mbwa anarudishwa kwako, hapewi jirani wala haachwi sokoni.