SOMO: Kulinganisha uzito na ukubwa wa injini za vindege vya rimoti (soma kabla hujaniuliza)

Wiki hii pekee nimeulizwa mara tatu: "Mkuu, injini ya 40 na ya 46 ipi nzito?" Naandika mara moja, kutoka huku Kigoma, mwisho wa reli, halafu nitakuwa nawaelekeza hapa.

1. Geuza namba kuwa cc. Hiyo 40 ni .40, yaani sehemu ya inchi ya ujazo. Zidisha kwa 16.39. Ya .15 ni kama cc 2.5, ya .40 cc 6.5, ya .46 cc 7.5, ya .60 karibu cc 10.

2. Tustroki shindanisha na tustroki. Fostroki ina vali na mitambo yake, ni nzito na nguvu yake ni ndogo kwa cc hizo hizo.

3. Tafuta mizani ya sonara. Ya kupimia dagaa iache sokoni.

4. Pima injini IKIWA KAMILI. Hapa ndipo nilipoungua. Injini yangu ya zamani ilikuwa gramu 400, nimeipima na ekzosi yake. Mpya iliandikwa 390, nikachekelea kuwa nimepunguza kumi. Kumbe 390 ni injini tupu! Ekzosi ilikuja kwenye mfuko wa pembeni, gramu 110. Jumla 500. Gramu mia za ziada zikakaa sentimita 20 mbele ya mahali ndege inaponing'inia sawasawa, pua ikazama. Mkiani, sentimita 50 nyuma, nikafunga chubwi za gramu 40 (100 × 20 ÷ 50, piga mwenyewe). Kwa hiyo "kupunguza kumi" kukawa kuongeza 140. Ikaruka, lakini ilitua kwa kasi mno, magurudumu yakabaki nyuma. Pima na ekzosi, propela, nati na plagi. Muuzaji akikupa uzito, muulize: pamoja na nini? Akisitasita, chukulia ni tupu.

5. Pima umbo: upana wa kiwiliwili, umbali wa matundu ya bolti, na urefu toka bolti za nyuma hadi propela inapokaa. Tumia kalipa (kipimio chenye taya mbili), si rula ya shule.

MASWALI

Mdau wa Ujiji: Mkuu, kwa hiyo 40 na 46 ipi nzito?

Jibu: Hatua ya 4.

Mdau wa Ujiji: Nimesoma, lakini hujataja.

Jibu: Sijataja kwa sababu inategemea injini zipi. Mara nyingi kiwanda kimoja hutumia kiwiliwili kile kile kwa zote mbili na kupanua tundu la pistoni tu. Hapo 46 inaweza hata kuwa nyepesi kidogo, chuma kimechongwa zaidi. Weka zote mezani, pima.

Mgeni: Mota ya umeme 2830 si kubwa kuliko 2212? Nimeshalipia.

Jibu: Ungeuliza kabla ya kulipa. 2212 mara nyingi ni kipimo cha kiini cha ndani, milimita 22 kwa 12. 2830 ni kipimo cha ganda la nje. Huenda ni mota ile ile kwa majina mawili. Tazama gramu.

Binti wa Tabora: Kaka, huku tuko juu kuliko Kigoma. Injini inayolingana huko italingana na huku?

Jibu: Swali zuri, dada. Uzito ni ule ule, nguvu ndiyo inapungua. Ziwa liko kama mita 770 juu ya bahari, Tabora kama 1,200, hewa huko ni nyepesi zaidi. Injini itakunywa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, kwa hiyo funga sindano ya kabureta kidogo kidogo ukisikiliza mlio. Na ukiwa katikati ya saizi mbili, chukua kubwa, ila uhakikishe pua inaibeba.

Binti wa Tabora: Na nikikuta pua nzito, lazima chubwi?

Jibu: Hapana, na laiti ningejua mapema. Sogeza kwanza betri ya risiva (kipokezi cha rimoti) nyuma, huongezi hata gramu moja. Chubwi iwe ya mwisho.

Fundi pikipiki: Mizani ya sonara nitaiaminije?

Jibu: Pima chupa tupu, tia maji nusu lita, pima tena. Tofauti iwe gramu 500. Angalia kwanza mizani inabeba kiasi gani, nyingine mwisho wake ni 200. Hapo tumia maji mililita 100.

Fundi pikipiki: Asante. Na ukimaliza kurusha, chomoa bomba la mafuta iungurume hadi izime yenyewe, halafu matone mawili ya oili ndani. Ikilala na mafuta yake, beringi zinaota kutu.

Jibu: Hilo nilisahau kabisa.