Umebaki na jicho moja? Haya yajue kabla la pili halijaguswa

Kwanza tuondoe hofu ya bure. Jicho lililobaki haliharibiki eti kwa sababu sasa linafanya kazi ya mawili, jicho sio tairi kwamba linalika kwa kutembea. Soma, shona, tazama simu yako, likikauka pepesa na upumzike kidogo, yameisha. Ila pia usidanganywe kwamba litaongeza nguvu kufidia la mwenzake, litaona kilekile lilichokuwa linaona, na kama ulikuwa wa miwani utabaki wa miwani.

Kinachopungua ni upana wa kuona na uwezo wa kukadiria umbali. Mwenye macho mawili anaona kama nyuzi 180 toka kushoto mpaka kulia, wewe unabaki na kama 150, na kipande kilichoondoka chote kiko upande mmoja, kwa hiyo geuza shingo nzima, usizungushe jicho tu. Ukitembea na mtu mweke upande usioona. Mkono wa salamu nyoosha wako usubiri aje aushike. Chai gusisha mdomo wa birika kwenye kikombe ndo umimine, la sivyo utamimina mezani huku unaapa kwamba kikombe kilikuwa pale. Ngazi za kushuka tafuta kwa mguu kwanza. Ubongo unajifunza taratibu, wengi inawachukua miezi, wengine karibu mwaka, na gari usiliguse mpaka dokta akupime na ujue sheria ya leseni ya nchi yako inasemaje.

Miwani ya kukinga vaa kila siku, hata kama jicho linaona 6/6, yaani vizuri kabisa, na huhitaji namba yoyote. Iwe ya lenzi za polikaboneti, ile plastiki ngumu, kioo kikipasuka kinakuingilia. Ukisaga chuma, ukigonga msumari au ukifyeka majani vaa ile ya kazi inayoziba na pembeni.

Sasa hili ndo nataka ulisome mara mbili. Uliza jicho la kwanza LILIKUFA KWA NINI. Usitoke kwa dokta bila jibu, na jibu liandikwe, maana linaloua jicho la pili mara nyingi ni ugonjwa uleule.

Mjomba wangu jicho la kushoto lilikufa kwa presha ya macho, yaani msukumo wa maji ndani ya jicho unaokula mshipa wa fahamu wa nyuma, wengine wanaiita glakoma. Familia nzima ikawa inahangaikia lile lililokufa, kila anayesikia ana dawa yake, leo majani kesho asali, wakati la kulia halina wa kuliuliza habari kwa sababu lilikuwa zuri, anasoma nalo gazeti bila shida. Miaka ikapita akawa ameshazoea kabisa, anapita mlangoni hagusi kitu, chai anamimina bila kuangalia. Halafu akaanza upya. Kigoda kipo mbele yake kabisa anakipiga teke, kizingiti cha nyumba aliyoishi miaka yote anajikwaa, miguu chini ya magoti ina makovu mapya juu ya ya zamani. Na kila akijikwaa sisi tunasema mwacheni, ana jicho moja huyo. Yaani ile sababu ilikuwa ipo tayari mdomoni, hakuna aliyejiuliza mbona zamani alikuwa hajikwai. Kuja kupimwa, kile kipimo cha kuweka kidevu kwenye mashine unabonyeza kila ukiona kinukta cha mwanga, dada wa kipimo akadhani mzee hajaelewa maelekezo akaanzisha upya, kumbe vinukta vya chini havioni kweli. Katikati palikuwa pazima, ndo maana gazeti lilisomeka. Kapewa matone ya kila siku ya maisha, yanashusha presha ya jicho isiendelee kula, ila kilicholiwa hakirudi.

Kwa hiyo mtu aliyeshazoea jicho moja akianza tena kujikwaa au kujigonga, usimsingizie jicho lililokufa. Mpeleke apimwe lile zima, presha yake, mshipa wa fahamu wa nyuma ya jicho na upana wa kuona. Kusoma herufi za ukutani peke yake hakutoshi.

Kama ilikuwa retina kuachia, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, jua na la pili liko hatarini kuliko la mtu wa kawaida, ukiona vimulimuli, vidoti vingi vya ghafla au kama pazia linashuka usisubiri asubuhi. Kama ni kisukari, sukari yenyewe ndo ya kushika. Mtu wa zaidi ya miaka 50 jicho limezima ghafla, na kichwa kinamuuma, taya zinauma akitafuna, hospitali siku hiyohiyo, kuna uvimbe wa mishipa ya damu unaoweza kuzima na la pili ndani ya siku chache.

Kama jicho lilichomwa na kitu chenye ncha, kuna tatizo la nadra ambapo kinga ya mwili inageukia lile zima, wiki au miezi baadaye, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza. Louis Braille, yule wa maandishi ya nukta, alijichoma jicho moja na kifaa cha kutobolea ngozi akiwa na miaka 3, uvimbe ukahamia la pili, na miaka 5 haoni kabisa. Siku hizi dawa zipo, ila ziwahi. Wekundu, kuumwa na mwanga, ukungu, hata kama jeraha la kwanza lilishapona, rudi.

Mtoto mdogo haji kukwambia jicho moja limeacha kuona, kagueni wenyewe kwa kumziba jicho moja moja. Matone ya dukani usijitilie, mengine yana steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, na hayohayo yanapandisha presha ya jicho. Lensi za kubandika juu ya jicho badala ya miwani achana nazo, zinaweza kuleta maambukizi. Cheki kila mwaka, au mara nyingi zaidi dokta akisema. Na mafuta ya moto, waya uliokazwa, vijiti vya watoto, chupa za soda zilizotikiswa, kaa navyo mbali, ukishindwa basi miwani iwe usoni, sio mfukoni.