Programu ya kwenye flashi: pima heshi kwanza

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, bando ni ghali, hivyo programu tunapeana kwa flashi. Sawa, ila usiifungue kabla ya kuipima heshi, yaani alama ya utambulisho wa faili, ambayo hubadilika faili likichezewa. Kwenye Windows, fungua CMD (dirisha la kuandikia amri) katika folda yenye faili, andika certutil -hashfile vlc.exe SHA256 (weka jina la faili lako), bonyeza Enter. Itatoka heshi: herufi na tarakimu 64. Ilinganishe na ile ya kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe. Kufungua ukurasa huo hakuli bando sana. Soma heshi yote, siyo mwanzo na mwisho tu. Usiamini jina wala ukubwa wa faili, hivyo vinaghushika. Heshi zikitofautiana ilhali toleo ni lilelile, futa faili, usilifungue hata kwa kujaribu.