Waja leo, waondoka leo: kutoka Amani hadi NSSF Tanga na kurudi bila kulala mjini

Nawaandikia wenzangu mliopunguzwa kazi mashambani huku milimani Amani, na yeyote anayeishi mahali ambapo basi linapita mara moja tu kwa siku. Nilikuwa katibu wa tawi la wafanyakazi kwenye shamba la chai. Tulipopunguzwa, nami nikiwemo, nilianza kuwasindikiza watu kwenda NSSF Tanga, yaani ofisi ya mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kufuatilia fao la upotevu wa ajira, malipo ya muda anayopewa aliyepoteza kazi. Nimewasindikiza vijana, wazee, na akina mama wenye watoto mgongoni. Nilichojifunza ni kwamba haki ya mtu wa mlimani inaliwa na nauli.

Chukua mfano wa mtu aliyekuwa akilipwa 180,000 kwa mwezi. Fao lake la mwezi ni 33.3% ya mshahara, yaani 59,940. Ikiwa kushuka Tanga na kurudi, pamoja na chakula, kunamgharimu 25,000, akienda mara tatu ametumia 75,000. Malipo yake ya mwezi wa kwanza yameisha barabarani, na bado anadaiwa dukani. Mimi mwenyewe nilikwenda mara tatu. Safari ya kwanza fomu yangu haikuwa na muhuri wa mwajiri. Ya pili jina langu la kati kwenye kadi ya NSSF lilitofautiana herufi moja na la kitambulisho cha taifa, cha NIDA. Ya tatu nikaambiwa akaunti yangu ya benki imelala, kwa kuwa ilikaa muda mrefu bila kuguswa. Yote matatu yangeweza kumalizwa huku huku juu kabla sijapanda basi.

Tanga tuna msemo wetu, "waja leo, waondoka leo". Mimi nimeufanya kipimo: ukishuka leo, urudi leo, na jambo liwe limekwisha.

Hatua ya 1: Hakikisha safari ni yako

Tangu sheria ya mwaka 2018, wafanyakazi wa sekta binafsi wako NSSF na watumishi wa umma wako PSSSF, mfuko wao wenyewe. Kama ulikuwa shambani, kiwandani, hotelini au dukani kwa mtu, mlango wako ni NSSF. Fao hili linamhusu mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, ambaye kazi imemwacha na si yeye aliyeiacha. Analipwa hiyo 33.3% ya mshahara kwa miezi 6. Aliyechangia chini ya miezi 18 hulipwa mara moja nusu ya michango yake.

Hapo kwenye "kazi imemwacha" naomba usimame. Aliyejiuzulu hana fao hili. Siku ya kupunguzwa watu huwa wamechanganyikiwa, karatasi zinapita mkono kwa mkono na kila mmoja anaambiwa asaini haraka. Soma. Ukiona neno "kwa hiari yangu" wakati hiari hukuwa nayo, usitie saini. Kama macho hayaoni vizuri au kusoma kunakusumbua, mwite mwanao anayesoma sekondari akusomee kwa sauti. Hakuna aibu katika hilo. Nimewaona watu wazima wakilia mbele ya dirisha la ofisi kwa sababu ya mstari mmoja waliousaini bila kuuelewa.

Hatua ya 2: Kusanya karatasi ukiwa bado huku juu

Hapa ndipo safari inapookolewa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Tafuta bahasha ngumu, na juu yake mfuko wa nailoni usiopitisha maji, kwa sababu ukungu na mvua za Amani hazichagui msimu. Ndani uweke barua ya kuachishwa kazi, kadi ya uanachama, kitambulisho cha taifa au namba yake, hati za mishahara ya miezi ya mwisho, kadi ya benki au karatasi ya benki yenye jina na namba ya akaunti, na picha ndogo za pasipoti. Ongeza cheti cha utumishi. Huyo mwajiri hakufanyii hisani, sheria ya ajira inamtaka akupe unapoondoka. Kila kitu kitoe nakala mbili. Mashine ya kutolea nakala ukiikuta Amani, tumia hiyo hiyo hata kama bei imezidi kidogo, maana kuitafuta Tanga kunakula muda, na muda wa mjini ni ghali kuliko karatasi.

Fomu ya madai ina sehemu ya mwajiri. Ijazwe, isainiwe na igongwe muhuri kabla hujashuka. Mwajiri yuko huku juu nawe, ukishafika Tanga huwezi kumwita. Kama ofisi ya shamba inakuzungusha, andika tarehe ulizokwenda na cheo cha uliyemkuta, kisha mpigie afisa wa NSSF na kumweleza hivyo hivyo kabla ya safari.

Sasa majina. Panga kadi ya NSSF, kitambulisho cha taifa na karatasi ya benki mezani, usome herufi kwa herufi. Ramadhan na Ramadhani ni watu wawili mbele ya kompyuta. Zaina na Zainab vivyo hivyo. Wasiokuwa na kadi ya NIDA mkononi wanaweza kutafuta namba yao hata kwa simu ya kitochi kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo. Majina yakipishana, kwanza piga simu NSSF uulize wanahitaji nini, na mara nyingi jibu litakuwa kiapo cha jina. Kiapo hicho unaweza kukipata Muheza kwa wakili, siku yoyote unayoshuka kwa shughuli nyingine, kama vile gulio au hospitali.

Mwisho, iamshe akaunti. Weka hata shilingi elfu mbili kwa wakala, kisha uulize kama imeingia. Ikikataa, nenda benki kwanza.

Hatua ya 3: Funga shida mbili kwenye safari moja

Wengi hawajui kwamba kama unaona umeachishwa isivyo haki, una siku 30 tu tangu kuachishwa kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Siku 30 zinakwisha upesi mtu anapongoja nauli. Nayo CMA ipo Tanga mjini, kama NSSF. Kwa hiyo usizifanye safari mbili.

Ila kuna utaratibu wake. Fomu ya kwanza ya CMA inatakiwa imfikie mwajiri kabla ya kuiwasilisha, na wewe uonyeshe ushahidi kwamba ameipokea. Mpelekee nakala, aisaini na kuandika tarehe kwenye nakala yako, halafu ndiyo ushuke nayo. Nimemwona mzee mmoja akirudishwa kwa sababu hiyo siku ya 29.

Na nyinyi mliotoka mbali, mlioajiriwa Njombe au Kigoma mkaletwa huku, someni hapa. Sheria inamtaka mwajiri akurudishe wewe na mizigo yako mahali alipokuajiria, au akulipie usafiri huo, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku unazousubiri. Dai hilo lidai mapema. Pia mwambie afisa wa NSSF utaishi mkoa gani kabla hajafungua jalada lako, usije ukalazimika kurudi Tanga ukiwa umeshahamia Njombe.

Hatua ya 4: Panga siku kabla ya kupanga nauli

Piga simu NSSF. Usiende kubahatisha. Mimi husema hivi: "Shikamoo, natoka Amani, wilaya ya Muheza. Basi letu linashuka alfajiri na kurudi mchana huo huo. Nina karatasi hizi na hizi. Naomba siku ambayo anayeshughulikia madai atakuwepo." Ukishaeleza hivyo, afisa anaelewa kwamba wewe si mtu wa Chumbageni anayeweza kurudi kesho kwa miguu. Andika jina lake na saa mliyoongea.

Chagua Jumanne, Jumatano au Alhamisi. Jumatatu foleni ni ndefu, na Ijumaa mchana watu wanakwenda msikitini, jambo la heri, lakini kwako wewe mwenye basi la mchana saa hiyo ndiyo roho ya safari.

Kama mko watu watano au sita, ombeni siku moja. Kisha piga hesabu ya kukodi Noah kutoka Muheza ije iwachukue na kuwarudisha. Mkichanga, gharama ya kila mtu mara nyingi inakaribia ile ya basi, na gari linawangoja nje ya ofisi. Fedha ashike mtu mmoja anayeaminika, nusu alipwe dereva asubuhi, nusu mkirudi. Usimlipe yote mapema.

Hatua ya 5: Njiani

Usiku uliotangulia mpigie konda: "Kaka, kesho mnashuka?" Basi huharibika, na huna sababu ya kusimama gizani ukingoja lisilokuja. Ukipata jibu, jiwekee nafasi.

Kutoka Amani hadi Muheza ni kama kilomita 36, lakini usizihesabu kwa kilomita. Kona za kushuka Kisiwani zinakula muda, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, ule udongo mwekundu huteleza na mti ukilala barabarani asubuhi yote imekwenda. Kwa miezi hiyo mimi huwashauri watu wakalale Muheza kwa ndugu au jamaa siku moja kabla. Nimesema kulala mjini kuepukwe, lakini kulala Muheza kwa shangazi ni nafuu kuliko kukosa miadi na kuanza upya.

Basi likikosekana, angalia magari ya maziwa na malori ya viungo yanayoshuka na iliki na karafuu. Madereva wengi ni waungwana, ukiomba jana yake na si ukiwa umesimama katikati ya barabara. Kaa mbele ikiwezekana, na umchangie mafuta. Bodaboda ni njia ya mwisho kabisa. Ukiipanda, uwe abiria peke yako, mchana, na kofia ngumu. Mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, kwenye mteremko wenye utelezi umeshazika watu wetu.

Muheza kuna gari za Tanga tangu asubuhi, na barabara ni lami. Utashushwa stendi ya Kange, ambayo iko nje kidogo ya mji. Hapo wageni hushikwa na madereva wa bajaji wanaowaona wamepotea. Uliza daladala za mjini, na mwambie konda jina la ofisi unayokwenda. Kabla ya kuondoka Kange, hakikisha gari la kurudi Amani litaondoka saa ngapi na kutokea wapi. Uliza tena hata kama unajua, kwa sababu saa hubadilika.

Beba chakula chako. Mihogo ya kuchemsha na chupa ya chai hukutoa nyumbani hadi adhuhuri. Anayetumia dawa za sukari au presha azibebe. Mwenye mtoto mchanga abebe khanga mbili za ziada na aombe kuhudumiwa mapema. Maofisa wengi humpisha mama mwenye mtoto, ila wamwone kwanza, usijifiche benchi la nyuma.

Hatua ya 6: Dirishani

Ukifika, chukua nafasi kwenye foleni kabla ya kitu kingine. Msalimie afisa, mtajie ile simu mliyoongea, na mpe karatasi zikiwa zimepangwa. Usiondoke bila mambo manne: namba ya dai lako, jina la anayelishughulikia, namba ya simu ya ofisi, na tarehe ya kurudi kama inahitajika. Ukiambiwa kuna karatasi imepungua, omba aiandike kwenye kipande cha karatasi. Neno la mdomo likipanda nawe mpaka Amani hufika limebadilika.

Halafu uliza swali hili, nami nakuomba usilisahau: "Hicho kilichobaki naweza kukituma kwa simu, au kwa mtu, bila kuja mwenyewe?" Mara nyingi kuna njia, ila hakuna atakayekwambia usipouliza.

Saa yako ya mwisho ya kukaa ofisini ipange asubuhi. Kama gari la Amani linaondoka Tanga saa 8 mchana, wewe uwe umetoka dirishani saa 6 na nusu. Ikifika saa 6 bado hujaitwa, inuka kwa adabu, mweleze afisa saa ya gari lako. Hilo si ukorofi.

Hatua ya 7: Gari likikuacha

Litakuacha siku moja, hata ukijipanga vipi. Usikimbilie gesti. Panda gari ya Muheza, zipo hadi jioni. Ukiwa njiani mpigie yule ndugu wa Muheza, na konda wa basi la Amani umuulize kama kuna gari jingine linapanda. Usipande mlima usiku kwa bodaboda. Lala Muheza, bahasha uiweke ndani ya nguo, na alfajiri uende stendi mapema: magari yanayopanda na mizigo ya duka hujaa kabla jua halijatoka.